Kinga ya kupandisha unga Cimpunda

Jumapili, wiki ya 1

Yaya wangu, dada yetu wa kwanza kuzaliwa, anaoka mikate Cimpunda, kule juu Kadutu, hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Unga unauzwa chini mjini, na wanaonunua mikate yake wengi wako chini mjini pia. Kwa hiyo kila siku iendayo kwa Mungu unga unapanda na mikate inashuka. Kwa miaka mitatu tumemlipa mwenye pikipiki faranga 4000 kwa gunia la kilo 25. Siku mafuta yakipanda bei, au mvua ikiharibu njia, gunia linabaki chini na tanuri linabaki baridi.

Mimi natengeneza simu na redio kwenye kibanda karibu na Nyawera. Betri na nyaya nazijua kwa mikono, vilima vya Bukavu navijua kwa magoti. Leo nimemwahidi yaya kinga ya umeme inayoweza kupandisha gunia moja, na gharama yote isipite dola 700. (Kwa wasomaji wa mbali: kinga ndiyo baiskeli.) Amenitazama, akasema, "Sawa. Lakini mikate yangu isianguke." Nimeandika maneno hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Nimepima njia. Kutoka dukani hadi mlangoni kwake ni kilomita 2.4, na simu inaonyesha tunapanda mita 150 hivi. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na mji huu hauna pa kwenda ukitoka ziwani isipokuwa juu. Ukigawanya, mwinuko wa njia yetu ni kama asilimia 6. Lakini ukishapita soko kuna kipande nilichokipima kwa ubao na chupa ya maji: kila mita moja mbele, sentimita 14 juu. Kipande hicho ndicho kitakachochagua baiskeli.

Alhamisi, wiki ya 1

Hesabu kwanza, kabla sijaangukia rangi nzuri ya fremu.

Nina kilo 66. Baiskeli ya chuma nimeiwekea kilo 16, mota na betri kilo 8, gunia kilo 25. Jumla 115. Kuinua kilo 115 kwa mita 150 kunadai jouli 169,000 hivi, yaani wati-saa 47. Matairi yakisaga vumbi na mawe yanakula nyingine 11. Miguu yangu ikitoa wati 100 kwa robo saa, hizo ni wati-saa 25 za kwangu. Ukihesabu kwamba robo ya umeme inapotea njiani kama joto, betri itatoa wati-saa 45 kwa kila safari. Si nyingi. Betri ya kawaida ya baiskeli ina mara kumi ya hapo.

Tatizo liko kwenye kile kipande cha sentimita 14. Nikitaka kukipanda kwa kilomita 8 kwa saa na gunia mgongoni mwa baiskeli, gurudumu linadai wati 385 bila kupumzika. Mtu mwenye afya anaweza kutoa nguvu hizo kwa muda mfupi tu, kisha anashuka na kusukuma. Ndivyo tunavyofanya wote pale, na wala si uvivu.

Jumamosi, wiki ya 2

Siku nzima ya kutazama baiskeli za mitumba. Nilikwenda na mzee mmoja tunayemwita Papa, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Nyamugo, aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Nilibeba rula, mizani ya unga ya yaya, na kitambaa. Tulipata nne za kufikiria.

Ya kwanza ni Phoenix nyeusi ya China, gurudumu la inchi 28, breki za vyuma virefu, bila gia. Mwenyewe aliitumia kule chini bondeni, upande wa Kamanyola. Bei dola 70. Mizani ilisema kilo 22. Hii ni baiskeli ninayoiheshimu: kwenye Bonde la Ruzizi inabeba mihogo na mkaa ambayo ungefikiri ni mzigo wa gari. Lakini bonde ni tambarare. Nilihesabu meno: mbele 48, nyuma 20. Gawanya, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, unapata mita 5.3 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ina maana kwamba ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika tayari unakwenda kilomita 19 kwa saa, na hakuna miguu itakayopanda Kadutu kwa mwendo huo. Papa akaongeza jambo jingine: mikono ya pedali imeshikwa kwa pini za kupigiliwa nyundo, na pini mbovu kwenye mlima inalegea kila juma.

Ya pili ni Peugeot ya zamani ya mbio, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nyepesi, kilo 12 tu. Dola 90. Moyo wangu uliruka. Meno 42 mbele na 24 nyuma, mita 3.7 kwa mzunguko. Bora kuliko Phoenix, bado ngumu. Kisha Papa akatoa mfukoni kikombe cha ekseli ya pedali, kile kinachouzwa kila mahali hapa, akajaribu kukiingiza kwenye mdomo wa bomba. Kilizunguka nusu, kikagoma. "Uzi wa Kifaransa," alisema, akakirudisha mfukoni. Baiskeli nyingi za Ufaransa za wakati ule zilichongwa uzi wa milimita 35 wenye hatua ya milimita moja. Vipuri vinavyotufikia leo vimechongwa kwa kipimo cha Kiingereza, inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa inchi. Tofauti huioni kwa macho, kikombe ndicho kinachoiona. Isitoshe, fremu ile haina nafasi ya tairi nene, na kwenye mawe yetu tairi nyembamba haimalizi wiki.

Ya tatu ni ya mlimani, ya alumini, nyekundu, inang'aa, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi na breki za sahani. Dola 160. Meno 24 mbele, 28 nyuma: mita 1.76 kwa mzunguko.

Ya nne nayo ni ya mlimani, lakini ya chuma, foku ngumu isiyo na springi, magurudumu ya inchi 26. Jina kwenye fremu limefutika kabisa. Kutu hapa na pale, gurudumu la nyuma limepinda, nyaya za gia zimekauka. Meno 28 mbele na 28 nyuma, mita 2.05. Wanataka dola 110.

Nilizipanda zote nne kwenye kile kipande, bila mzigo, nikipumzika nusu saa kila mara. Phoenix ilinitema kwenye nguzo ya tatu ya umeme. Peugeot ilifika ya sita. Zile mbili za mlimani zilifika juu, na lazima niandike ukweli: ile nyekundu ilipanda kwa raha kuliko zote. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kuinunua.

Jumapili, wiki ya 2

Sikuinunua. Namshukuru Papa.

Alinifundisha kazi ya chaki. Unaosha fremu, unapaka petroli, ile ya taa, sehemu zote za kulehemiwa, unangoja kidogo. Kisha unafuta mpaka ikauke kabisa, unasaga chaki ya shule na kuipuliza juu yake iwe nyeupe kama uso wa mwokaji. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani yake inatoka polepole na kuchora mstari kwenye chaki. Tulingoja kama dakika kumi. Chini ya shingo, pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani, ukatokea mstari mweusi urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Nilimuuliza kama haiwezi kulehemiwa. Akaniambia alumini inataka mashine nyingine na gesi ya argoni, na hata ikilehemiwa vizuri, bomba linabaki laini kando ya lehemu mpaka fremu yote ipashwe upya kwenye tanuri la kipimo. "Tanuri la yaya wako haliwezi," alisema. Chuma kikipasuka, mlehemu yeyote wa Nyamugo anakiziba kabla ya saa sita mchana. Nikafikiria shingo ikiachana na bomba kwenye mteremko, na mikate nyuma yangu.

Mwenye duka nilimwonyesha ufa. Hakubishana, aliiondoa baiskeli kwenye mstari.

Jumatano, wiki ya 3

Nimenunua ya chuma, dola 95 baada ya maneno mengi. Bomba la ekseli ya pedali lina upana wa milimita 68. Kati ya masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu, ni milimita 135, ya mbele 100. Vipimo hivi vitatu viandike kwenye kiganja kabla ya kwenda kununua baiskeli ya kuwekea mota, kwa sababu mota zinatengenezwa kwa kuvifuata. Karibu kila kitu kingine kwenye baiskeli kinabadilishwa.

Ijumaa, wiki ya 4

Betri. Hapa ndipo nilipodhani nitaokoa pesa. Kibandani nina betri za kompyuta zilizokufa, nyingi. Nilizifungua, nikatoa seli 64 za mviringo, za saizi iitwayo 18650, nikazichaji na kuzimaliza moja moja kwa siku tisa. Zilizobaki na zaidi ya ampea-saa 1.8 ni 41. Kwa betri ya volti 48 ninahitaji safu 13 zenye seli nne kila moja, yaani 52.

Ningeweza kungoja nyingine 11. Kilichonisimamisha ni mkondo. Mota ikivuta ampea 20 kwenye mlima, kila seli kati ya nne inatoa ampea 5. Nilijaribu seli tatu kwa ampea 3 tu, na zikawa moto kiasi cha kutoshikika. Seli ya kompyuta imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa mbili tatu, tena hizi ni nzee. Betri ya lithiamu ikiwaka moto, maji ya ndoo moja hayaizimi, na hii italala kwenye nyumba yenye watoto watano. Nimeagiza betri mpya kwa mfanyabiashara anayeleta mizigo kutoka China: volti 48, ampea-saa 13, yenye saketi yake ya ulinzi ndani. Dola 240. Imeniuma, lakini sina shaka nayo.

Zile 41 zitakuwa taa.

Jumanne, wiki ya 6

Rafiki yangu ameniazima mota ya kitovu aliyoiacha kuitumia, ya volti 36 na wati 350, ile inayokaa katikati ya gurudumu la mbele, pamoja na betri yake. Nimeikubali kwa sababu ni bure na kwa sababu foku yangu ni ya chuma. Kwenye foku ya alumini nisingethubutu: ekseli ya mota inajipinda ndani ya masikio ya foku kila unapoongeza umeme, na masikio ya alumini yanavunjika ghafla. Hata kwenye chuma nimeweka mkono wa kuzuia ekseli isizunguke. Mlehemu ameutengeneza kwa kukata spana ya namba 10, kwa kuwa pande bapa za ekseli zina milimita 10. Umekaa kama umezaliwa nayo.

Tambarare, kwenye barabara ya Nguba, ni furaha tupu.

Alhamisi, wiki ya 6

Mlimani si furaha.

Bila gunia ilipanda, ikilalamika. Na gunia, uzito wote ulikaa nyuma na gurudumu la mbele likawa jepesi. Pale penye vumbi na kokoto lilizunguka mahali pamoja kama mbwa anayechimba. Nilipopata pa kukanyaga, mwendo ulishuka hadi kilomita 6 kwa saa. Mota ya kitovu haina gia za kubadilisha. Imetengenezwa ifanye kazi vizuri ikizunguka haraka, na ukiilazimisha polepole sehemu kubwa ya umeme inageuka joto ndani yake. Safari ya pili nilisikia harufu ya plastiki. Nilikuwa nimebeba kipimajoto cha kuelekeza, kile cha kupima homa mlangoni, lakini kilikataa kusoma kitu cha moto hivyo. Mate niliyodondosha kwenye ganda yalikauka nikiyaangalia.

Niliifungua usiku. Ndani kuna magurudumu matatu madogo ya nailoni yenye meno, yanayopunguza kasi. Ncha za meno zilikuwa zimelainika na kulala upande mmoja. Nitamlipia rafiki yangu hayo matatu, na nimekwisha kumwambia.

Tatizo hili lina umri mkubwa. Ogden Bolton wa Marekani alipata hataza ya baiskeli ya umeme tarehe 31 Desemba 1895, na mota yake aliiweka hapohapo, ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, bila gia yoyote. Ilidai ampea 100 kwa volti 10. Nikitazama mchoro wake namwona mtu aliyefanya kazi safi kwa ajili ya nchi tambarare.

Jumamosi, wiki ya 8

Nimekubali gharama: mota ya katikati, Bafang BBS02, dola 330. Hii inakaa kwenye bomba la ekseli ya pedali na kuvuta mnyororo, kwa hiyo inatumia gia zilezile zinazotumiwa na miguu. Mlima ukija unashusha gia, na mota inaendelea kuzunguka haraka huku gurudumu likienda taratibu.

Lakini kwanza ilibidi nitoe ekseli ya zamani, na hapa nimepoteza siku mbili kwa kosa langu. Kikombe cha kushoto kilitoka baada ya jasho. Cha kulia nilikizungusha kinyume cha saa, kama unavyofungua kila parafujo duniani, nikaongeza bomba kwenye spana, nikasimama juu yake. Hakikusogea. Jioni Papa akapita, akaangalia mkono wangu unakoelekea, akasema, "Mwanangu, unaifunga." Kwenye kipimo cha Kiingereza upande wa mnyororo una uzi wa kushoto: unafunguliwa kwa kufuata saa. Siku mbili nilikuwa nikikaza. Tulimimina petroli, tukaacha usiku kucha, asubuhi tukapasha bomba kwa moto wa makaa ya yaya, na kikombe kikaachia kwa mlio uliowaamsha majirani.

Mota iliingia kwenye bomba bila kusumbua. Imenilazimu kuacha magurudumu matatu ya meno ya mbele, kwa kuwa mota ina gurudumu moja tu la meno, na hili lilikuja na 46. Nimelibadilisha kwa 42, na nyuma nimeweka seti yenye meno 34 kwenye gia kubwa. Gia ya chini kabisa sasa ni mita 2.5 kwa mzunguko. Ni ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa, na hilo nalifikiria sana, kwa sababu betri ikiisha katikati ya njia nitasukuma. Lakini kwa pedali 70 kwa dakika inatoa kilomita 10 na nusu kwa saa, na mwendo huo ndio mota inaoupenda.

Jumatatu, wiki ya 9

Gunia la kwanza limepanda. Dakika 14 toka dukani hadi mlangoni, bila kushuka popote. Kwenye kipande cha sentimita 14 mama mmoja muuza mboga alisimama, beseni kichwani, akapiga makofi. Mota ilikuwa ya uvuguvugu tu. Kipimo cha betri kimesema wati-saa 52. Nilikadiria 45, na zile 7 naamini zimekwenda kwenye kusimama na kuondoka tena pale sokoni, watu ni wengi.

Yaya alitoka na mikono ya unga, akalishika gunia mwenyewe kulishusha. Hakusema kitu, alicheka tu.

Jumatano, wiki ya 9

Nilitaka kuandika kwamba mradi umekwisha. Leo mikate ilishuka kwa mara ya kwanza, kreti mbili, kilo 30, na nimegundua kwamba kwa wiki nane nimehesabu kupanda tu.

Baiskeli hii ilikuja na breki za kantileva za zamani, zile za mikono miwili mifupi inayobana ringi ya gurudumu. Juu kabisa zilishika. Kabla ya soko nilikuwa nimezivuta mpaka vishikio vikagusa usukani, na baiskeli iliendelea kwenda. Si haraka, lakini ilikuwa ikienda bila ruhusa yangu. Nilishusha miguu yote miwili, nikaburuza viatu, nikasimama kwa kuielekeza baiskeli ukingoni. Mikate haikuanguka. Mikono ilitetemeka hadi Feu Rouge, kule chini mjini.

Usiku nimerudi kwenye karatasi ya wiki ya kwanza. Zile jouli 169,000 za kupanda zote zinarudi wakati wa kushuka, na kwa kuwa mikate ina uzito kuliko unga, maji yameingia ndani yake, zinarudi zaidi. Mota ya katikati haiwezi kuzirudisha kwenye betri. Ukitoa zinazoliwa na matairi, zinapaswa kwenda kwenye pedi nne za mpira na ringi mbili. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu nusu lita ya maji kutoka ubaridi wa mtungi hadi kutokota. Kila nikishusha mikate nachemsha vikombe viwili vya chai kwenye ringi zangu.

Papa alilisema mapema, siku ile ya baiskeli nne, na nilikuwa nimeliandika bila kulisikia: "Kinga yote inapanda, hata kwa kusukuma. Uliza itashuka namna gani."

Jumapili, wiki ya 10

Habari njema ni kwamba vile vigingi vya kwenye foku vinavyoshika kantileva ndivyo vinavyoshika breki za V, zenye mikono mirefu na nguvu zaidi. Nimenunua seti mbili za mtumba. Angalia hapa, maana nusura nikosee: breki za V zinahitaji vishikio vyake, vinavyovuta waya mrefu zaidi. Ukiziunga na vishikio vya kantileva, pedi hazifiki kwenye ringi kwa nguvu ya kutosha, na utadhani breki ni mbovu. Nimebadilisha vyote, na waya mpya na maganda yake. Ringi ni za alumini, bahati yangu. Ringi za chuma zikilowa, breki inakuwa kama kushika samaki, na huku mvua zinatushika kuanzia Septemba hadi Mei.

Vishikio vipya nimeviwekea swichi ndogo inayokata mota unapogusa breki. Bila hiyo mota inaendelea kusukuma kwa kitambo kidogo baada ya miguu kusimama, na kitambo hicho kwenye mteremko ni kirefu.

Nimejaribu kwa mawe badala ya mikate, kilo 30, mara nne. Nasimama ninapotaka. Nimejiwekea pumziko moja, sokoni, nishike ringi. Zikiunguza vidole nangoja, maana ringi ya moto inapandisha upepo ndani ya tairi na kuachisha viraka vya tyubu.

Gharama yote: dola 95 baiskeli, 240 betri, 330 mota, na 78 za breki, gia, ringi ya nyuma na mlehemu. Jumla 743. Nimepita ahadi kwa 43, nimezitoa kibandani. Bado nina deni la gia tatu za nailoni.

Ijumaa, wiki ya 12

Kuchaji. Umeme wa mtaa wetu unakuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri, tena unakuja kwa kishindo. Chaja inatoa ampea 2, kwa hiyo betri tupu inataka saa saba, ambazo hatuzipati. Lakini safari mbili za unga kwa siku zinakula wati-saa kama 105 kati ya 624, na hizo zinarudi kwa saa moja na kitu. Nimeweka stabiliza kati ya ukuta na chaja. Siijazi hadi volti 54.6, naiachia 53 na kidogo. Seli zisizojazwa hadi juu zinaishi miaka zaidi, na sisi hatuhitaji ile sehemu ya mwisho.

Jumamosi, wiki ya 15

Mvua ya kwanza kubwa, na mikate imeshuka kavu chini ya turubai. Breki zililia, zikashika.

Nimepima mnyororo kwa rula, pini hadi pini, vipande 24. Mpya ni milimita 304.8, wangu umefika 306. Mota ya katikati inavuta mnyororo kuliko miguu yoyote, hilo nililijua. Ukipita 306.3 nitaubadilisha kabla haujala meno ya nyuma. Wa akiba uko tayari, umefungwa kwenye gazeti lenye mafuta.

Pedi za mbele zimekwisha kwa wiki tano. Jozi ni dola 2. Yaya aliniuliza kama kitu kimeharibika, nikamwambia hapana, zinaliwa kila zinaposhusha mikate. Akachukua daftari lake la matumizi na kuandika pedi za breki kila mwezi, mstari mmoja chini ya hamira.